Tuna jioni nne Buenos Aires: tango tuitazame wapi, na sisi tutaweza kuicheza?

Baba Katubuka

Habari za leo wakuu. Mimi na mama watoto tuko Kigoma mjini. Agosti tutakuwa Buenos Aires kwa mkutano wa kazi, na tukitoa siku za vikao tunabakiwa na jioni nne: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili.

Tunaomba msaada wa mambo matatu. Kwanza, yale maonyesho yanayouzwa pamoja na chakula cha usiku yana uzito wowote, au tunalipia sahani tu? Pili, tunasikia kuna kumbi wanazocheza wenyeji wenyewe, zinaitwa milonga. Mgeni anaingiaje, anakaa wapi, anaombaje kucheza bila kuwavunjia watu heshima? Tatu, tuna wiki sita kabla ya safari na sebule ya vigae, mita tano kwa nne tukisogeza makochi. Mwalimu wa tango hapa Kigoma hatujampata. Tujifunze nini wenyewe ambacho hakitatupotosha? Rumba tumeicheza miaka mingi, kama hilo linasaidia.

Kinanda cha Ujiji

Karibu mkuu. Agosti umelenga penyewe, maana ndio mwezi wa tamasha la tango la jiji na mashindano ya dunia ya kucheza, Mundial de Tango, yaliyoanza 2003. Mashindano yana makundi mawili, na ukiyaelewa hayo maswali yako mawili ya kwanza yameshajibika nusu. Kundi moja ni Tango de Pista, tango ya sakafuni: jozi nyingi ziko uwanjani kwa pamoja, zinazunguka kinyume cha mshale wa saa, hakuna kurukaruka, na wawili hawaachiani tangu wimbo uanze hadi uishe. La pili ni Tango Escenario, ya jukwaani: kunyanyuana, mateke ya juu, kuachana na kurudiana, kila kitu kimepangwa na kufanyiwa mazoezi kwa miezi.

Onyesho la chakula cha usiku ni Escenario. Milonga ni Pista. Anayekwenda milonga akingoja mateke ya juu atarudi hotelini na huzuni, na anayeingiza mateke ya jukwaani ndani ya milonga atamchana mtu muundi kwa kisigino. Programu nyingi za tamasha huwa hazina kiingilio, kwa hiyo someni ratiba ya jiji kabla hamjalipia kitu chochote.

Maonyesho ya kulipia yana uzito, ila chagueni kwa akili. Kwa kawaida chakula huanza kama saa mbili na nusu usiku, onyesho saa nne, nalo huchukua kama saa moja na nusu. Kabla ya kulipa ulizeni mambo haya: je, naweza kununua onyesho bila chakula? (Kumbi nyingi huuza hivyo, na tofauti ya bei ni kubwa.) Wapigaji wako hai jukwaani au ni muziki wa kurekodi? Meza yangu iko umbali gani na jukwaa? Ukumbi ukisema wapigaji wako hai, waulize ni wangapi. Okestra ndogo iliyokamilika ni ya watu sita: bandoneoni mbili (kinanda cha kukunjua na kukunja, jamaa ya kodiani), fidla mbili, piano moja na besi kubwa ya kusimama.

Ukumbi mkubwa una taa na mavazi. Ukumbi mdogo una kitu ambacho kwa mgeni wa tango kina thamani zaidi: unasikia soli ikisugua mbao, unaona kifua cha mwanamume kikitangulia kidogo kabla mguu wa mwanamke haujaondoka. Café Tortoni, mkahawa uliofunguliwa 1858 na ambao sasa uko Avenida de Mayo, una jukwaa dogo chini ya ardhi. Ghorofani juu yake ipo Academia Nacional del Tango na makumbusho yake, mlango uko upande wa pili, mtaa wa Rivadavia. Upande wa San Telmo kuna El Viejo Almacén, iliyofunguliwa 1969 na mwimbaji Edmundo Rivero. Wekeni onyesho siku ya Alhamisi, jioni ya kwanza. Macho yakishaona namna watu wazima wa kazi hiyo wanavyokanyaga, jioni tatu zilizobaki zitaeleweka.

Jumapili mchana nendeni soko la wazi la San Telmo. Jioni, vibanda vikianza kufungwa, mara nyingi watu hucheza pale Plaza Dorrego, na kutazama ni bure. Caminito kule La Boca pia kuna wachezaji wa barabarani, ila nendeni mchana, msizurure mitaa ya pembeni, na ukipiga picha toa kitu kwenye kofia.

Jambo la saa: Argentina iko nyuma yetu kwa saa sita kamili. Ukiiacha saa ya mkononi na majira ya Kigoma, kule mshale utaangukia namba ileile tunayoitamka sisi. Saa nne usiku ya Buenos Aires, mshale uko juu ya 4. Lakini mabango ya milonga yanaandika 22 hs, nayo ndiyo saa nne hiyo.

Mama Bangwe

Shemeji, mimi nijibu la milonga, maana ndilo watu wanaloharibu, na wanaharibu kabla hawajainuka kwenye kiti.

Mkifika mlangoni, mnalipa kiingilio kwa peso taslimu, kisha mwenye shughuli anawapeleka mezani. Msijichagulie meza. Katika milonga za kimila wanaume peke yao wanakaa upande mmoja, wanawake peke yao upande wa pili, na waliokuja wawili wanakaa pamoja pembeni au nyuma. Hapo ndipo penye uamuzi wenu. Mkikaa pamoja, ukumbi mzima unasoma kwamba mnacheza ninyi kwa ninyi, na hakuna atakayemwomba mkeo. Mkitaka kucheza na wengine, mwambieni mwenye shughuli mlangoni kwamba mnakaa mbalimbali, na yeye atawapangia. Zungumzeni hilo nyumbani kabla ya safari. Msije mkaanza kubishana mlangoni foleni iko nyuma yenu.

Muziki unakuja kwa mafungu yanayoitwa tanda. Fungu la tango ni nyimbo nne, la vals (waltz) ni tatu, la milonga ni tatu pia (milonga ni jina la ukumbi na pia la mdundo wa haraka). Mpangilio uliozoeleka ni fungu mbili za tango, moja ya vals, mbili za tango, moja ya milonga, kisha inarudi mwanzo. Katikati ya tanda na tanda unapigwa muziki mwingine kabisa kwa nusu dakika hadi dakika moja, wanauita kortina, pazia. Kortina ikilia wote wanaondoka sakafuni, hata kama ulikuwa unajisikia vizuri namna gani. Mwanamume anamsindikiza mwenzake hadi kwenye kiti chake.

Kuomba ni kwa macho. Hii ndiyo kabeseo. Mwanamke anatazama anayemtaka, mwanamume naye anatazama anayemtaka, macho yakikutana mwanamume anainamisha kichwa kidogo kuelekea sakafuni, mwanamke akikubali anajibu kwa kichwa au tabasamu. Asiyetaka anaangalia pengine, na yamekwisha, hakuna aliyeaibishwa. Ndiyo sababu ya desturi yenyewe: mtu anakataliwa bila jirani kujua. Ukimwendea mwanamke mezani na kumnyooshea mkono umemnyang'anya haki ya kukataa kwa siri, na wengi watakataa kwa sababu hiyo tu.

Mama watoto azingatie hapa: akishakubali kwa macho, asisimame. Abaki ameketi, aendelee kumtazama mwanamume mpaka afike mbele yake. Kwenye meza za wanawake watu wamekaa bega kwa bega, na kichwa kilichoinama kutoka mita nane huenda kilimlenga jirani. Ukisimama mapema mnajikuta wawili mmesimama kwa mwanamume mmoja.

Usiombe tanda ikiwa imebaki wimbo mmoja. Usiombe pia kabla hujajua ni okestra gani inapigwa. Wimbo wa kwanza ukianza, wote wanasikiliza, ndipo macho yanaanza kazi. Mkiwa sakafuni, wimbo mpya ukianza msikimbilie kucheza. Watu husimama wakizungumza sekunde ishirini au thelathini, ndipo wanakumbatiana. Na neno gracias lichungeni sana. Katikati ya tanda, neno hilo maana yake ni kwamba basi, imetosha, nirudishe kwenye kiti. Lisemeni wimbo wa mwisho ukishaisha.

Mavazi: mwanamume suruali na shati lenye kola, si kaptula wala raba. Agosti kule ni baridi, mtafika na makoti, na milonga nyingi zina mahali pa kuyaweka. Ndani joto ni la watu wengi waliokumbatiana, kwa hiyo shemeji beba shati la pili ubadilishe katikati ya usiku, kitambaa cha kufutia jasho, na peremende za mnanaa. Marashi makali acheni. Shavu lako litakuwa kwenye shavu la mtu kwa dakika kumi na mbili.

Fundi Hatua

La tatu ni langu. Wiki sita zinatosha kwa jambo moja, nalo ni kutembea. Msijifunze mitindo kutoka kwenye video. Mtu anayetembea vizuri anacheza milonga yoyote. Anayejua mitindo ishirini na kutembea kumemshinda anakuwa kero kwa waliomtangulia na walio nyuma yake.

Kwanza tuongee habari ya rumba, maana inasaidia na inaharibu. Inasaidia sikio na kuheshimu mwenzako. Inaharibu kiuno na magoti: rumba inawafundisha kudunda kidogo kwa kila pigo na kuachia nyonga. Kwenye tango kichwa kinakwenda usawa uleule kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kutoka ziwani, na nyonga zimetulia. Kinachoongoza ni kifua.

Mazoezi, dakika ishirini kila siku, mguu peku au soksi:

Wiki ya kwanza, kila mtu peke yake. Simama mguu mmoja, uzito wote umeingia, wa pili ugusane kisigino kwa kisigino bila kubeba kitu. Hamisha uzito kabisa, hesabu nne, rudi. Kisha tembea mstari mmoja wa vigae, mbele na nyuma. Kila hatua mguu unaosafiri upite jirani na mguu uliosimama, vifundo vikigusana. Mwendo ni kama hatua moja kwa sekunde. Anayerudi nyuma anyooshe mguu kutoka kwenye nyonga, kidole gumba kiguse chini kwanza, ndipo mwili ufuate. Wengi wanakosea hapa: wanakunja goti na kukaa nyuma, mwili unaachwa, na mwenzao anawakanyaga vidole.

Wiki ya pili na ya tatu, wawili. Chukueni karatasi moja ya gazeti, iwekeni katikati ya vifua vyenu, mikono ikining'inia. Tembeeni urefu wa sebule, mmoja mbele mwingine nyuma. Karatasi ikidondoka, anayefuata anakimbia au anayeongoza anachelewa. Ikikunjamana, mmoja anasukuma. Mkifika mwisho nayo iko palepale, bado laini, basi mmeanza kukumbatiana kwa tango. Ndipo muweke mikono.

Wiki ya nne na ya tano ongezeni msalaba. Kuna hatua nane za msingi ambazo kila darasa hufundisha: mwanamume anarudi nyuma na mguu wa kulia (1), anakwenda pembeni na wa kushoto (2), mbele wa kulia nje ya mwanamke (3), mbele wa kushoto (4), anaunga wa kulia, na hapo mwanamke anavusha mguu wake wa kushoto mbele ya wa kulia (5), kisha mbele wa kushoto (6), pembeni wa kulia (7), kuunga (8). Jifunzeni, lakini sakafuni ifuteni hatua ya kwanza. Milonga inazunguka kinyume cha saa, na kurudi nyuma ni kuwagonga kwa mgongo watu wanaokuja nyuma yenu. Anzeni na ya pili.

Wiki ya sita msiongeze kitu. Tembeeni pembe zote nne za sebule, kinyume cha saa, kila mmoja wenu akijua kusimama ghafla bila kuyumba. Sakafu ikijaa, kusimama ni ujuzi. Wekeni viti viwili katikati ya chumba viwe watu wengine.

Baba Katubuka

Asanteni sana, shemeji Bangwe hilo la meza limetuokoa. Tumejaribu karatasi: inakunjamana upande wangu, mama watoto anasema nasukuma kwa bega la kulia. Na muziki tupakue upi? Tulichopata kinatuchanganya, hakuna ngoma, hakuna besi gitaa, hatujui pigo liko wapi. Tena Mundial tumeielewa, lakini darasa la siku moja kule linafaa?

Fundi Hatua

Bega la kulia linatangulia kwa sababu mkono wa kulia unataka kumvuta mwenzio kabla kifua hakijafika. Fanya zoezi mikono yote miwili ikiwa nyuma, umeshika viwiko vyako. Na punguza urefu wa hatua iwe ya futi moja na nusu hivi. Anayesukuma mara nyingi hatua yake ni ndefu kuliko mguu wa mwenzake.

Kinanda cha Ujiji

Pigo liko kwenye mkono wa kushoto wa piano na kwenye besi ya kusimama, na bandoneoni zinalikata kama kisu. Okestra ya tango ilijifunza kudunda bila ngoma, ndiyo maana masikio ya rumba yanapotea wiki ya kwanza. Anzeni na Francisco Canaro wa miaka ya 1930, pigo lake ni wazi kama nyundo. Kisha Carlos Di Sarli, ambaye piano yake inawatembeza wenyewe. Juan D'Arienzo, aliyeitwa Mfalme wa Mdundo, wekeni wiki ya nne, ni wa haraka na wa kukatakata. Osvaldo Pugliese sikilizeni tu kwanza, msimcheze. Anapunguza na kuongeza mwendo ndani ya sentensi moja, na mwanafunzi huishia kumkimbiza.

Bandoneoni si kodiani ya kawaida. Haina vitufe vya piano, ina vitufe vidogo pande zote mbili, 38 kulia na 33 kushoto kwa ile ya Argentina, na vitufe vingi hutoa noti moja ukifungua na nyingine ukifunga. Ilitoka Ujerumani, jina ni la Heinrich Band. Mkiwa kwenye onyesho mtazameni mpigaji anavyoikunjua juu ya goti: akitaka ukali anaikunjua kwa kishindo kifupi, na hapo ndipo mchezaji anakanyaga.

Na hili nawaambia kwa sababu ni letu. Wataalamu wengi wanalitoa neno milonga kwenye Kimbundu cha Angola: mulonga ni neno, milonga ni maneno, mu- na mi- kama mti na miti. Sisi tuna kulonga, kuzungumza. Waafrika waliopelekwa Río de la Plata (eneo la Buenos Aires na Montevideo), wengi wao kutoka Angola na Kongo, walileta ngoma zao, na candombe ya Uruguay bado inapigwa. Mpiga piano Mwafrika-Argentina Rosendo Mendizábal alitunga El Entrerriano mwaka 1897, moja ya tango za mwanzo kabisa zilizoandikwa zinazopigwa hadi leo. UNESCO iliiandikisha tango 2009 kwa jina la Argentina na Uruguay pamoja. Kwa hiyo rumba ya Kongo na tango wana bibi anayefanana.

Darasa la siku moja linafaa sana, hasa lile linalotangulia milonga ukumbini humohumo. La Viruta, mtaa wa Armenia 1366, Palermo, chini ya kituo cha Waarmenia, wanafundisha kisha wanafungua sakafu, na wanaoanza hawatazamwi vibaya. Wekeni Ijumaa hapo. Salón Canning iko jirani, Scalabrini Ortiz 1331. Jumamosi, Club Sunderland kule Villa Urquiza, sakafu ya vigae kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, familia nzima mezani: hapo kaeni mtazame. Siku na saa hubadilika, zithibitisheni kwenye tovuti ya Hoy Milonga siku hiyohiyo. Mkiingia sakafuni kaeni katikati, muwaachie wazoefu njia ya nje.

Mama Bangwe

Kinanda, hapo kwenye katikati sikubaliani. Katikati ndiko wanakojificha wanaopiga mitindo, viwiko vinatoka pande zote na hakuna mstari wa kufuata. Mgeni aende njia ya nje, ila aende mapema: ukumbi ukifunguliwa saa nne, saa nne na nusu sakafu ina jozi sita au saba na kila mtu ana nafasi. Saa saba usiku njia ya nje ni ya wazoefu, wakati huo wawe wameketi wanatazama. Kuingia, mwanamume asimame ukingoni, amtazame mwanamume anayekuja, angoje amkubalie kwa kichwa. Asimpite mtu mbele, asirudi nyuma, na nafasi ya hatua mbili ikifunguka mbele yake aijaze asizuie msururu. Na wakisikia La Cumparsita, basi ni wimbo wa mwisho wa usiku, wacheze wao wawili.

Kinanda cha Ujiji

Nakubali, mapema na njia ya nje.

Fundi Hatua

Kimesahaulika kiatu, na kiatu ndicho kinachoua goti. Soli ya raba inashika sakafu. Mwili ukigeuka mguu unabaki, na kile kilichobaki kugeuka ni goti. Hakuna haja ya kununua vipya. Mchukue viatu vyenu vya heshima kwa fundi viatu pale Mwanga, abandike ngozi nyembamba kwenye nusu ya mbele ya soli, upande wa ndani wa ngozi, ule wenye mkwaruzo, ndio utazame chini. Kisigino akiache na raba yake, ndiyo breki. Mwambie ukingo aupunguze kwa kisu uwe sawa na soli, la sivyo utanasa kwenye nyufa za vigae. Gundi ikauke usiku mzima kabla ya kuvaa.

Kipimo: simama mguu mmoja, uzito kwenye sehemu ya mbele ya wayo nyuma ya vidole, geuka robo mzunguko. Goti lisisikie kitu. Likivutwa, ngozi bado inashika. Ikiteleza kupita kiasi, isugue kwa brashi ya waya mara chache, au ipitishe kwenye kitambaa kibichi kidogo, usiiloweke. Mama, kisigino cha sentimita tano hadi saba, chenye mkanda wa kifundo. Kiatu kisicho na mkanda kinatoka kwenye hatua ya tano, ule msalaba.

Viatu hivyo msivivae barabarani. Changarawe moja ikinasa kwenye ngozi inachora sakafu ya mbao ya watu. Vibebeni kwenye mfuko wa kitambaa, mbadilishie chooni au pale mnapoacha makoti, si mezani.